Fedha Zilizoibwa ni za Nani?

Barua ambayo benki humwandikia mteja aliyeibiwa kwa kadi haina urefu, na aliyewahi kuisoma moja ni kama aliyezisoma zote. Huanza kwa kumshukuru mteja kwa uaminifu wake, huendelea kwa kumpa pole kwa yaliyomfika, kisha humwarifu ya kwamba uchunguzi umekamilika, ya kwamba muamala anaoulalamikia ulifanywa kwa kadi halisi na kwa namba ya siri sahihi, ya kwamba namba hiyo haijulikani ila na mteja mwenyewe, na ya kwamba kwa sababu hizo benki haihusiki na hasara aliyoipata. Nayo hukhitimisha kwa nasaha ya kumtaka aihifadhi vyema kadi yake siku zijazo. Kwa mistari hiyo michache, mtu aliyekwenda kushitaki kwamba ameibiwa hugeuzwa, bila ya kuambiwa waziwazi, kuwa ama mzembe ama mwongo, na shauri lake hufungwa na yule yule aliyekuwa upande wa pili wa shauri hilo.

Dai langu ni kwamba barua ya namna hiyo, hata pale ambapo kila neno lililomo ni la kweli, haijibu swali ambalo lilipasa kujibiwa kwanza kabla ya mengine yote, nalo ni hili: fedha zilizochukuliwa na mwizi zilikuwa mali ya nani? Maadamu swali hilo halijaulizwa, uchunguzi wote utakwenda upande, kwa maana utakuwa unamchunguza mteja ilhali aliyepaswa kutoa hesabu ni mwingine.

Wengi wetu hudhani kwamba fedha tunazoziweka benki hukaa pale kama amana, zikiwa zimefungwa na kuandikwa jina la mwenyewe, na kwamba mwizi akizifikia amemwibia mwenye jina. Sheria haisemi hivyo. Mwaka 1848 Baraza la Malordi la Uingereza, katika shauri la Foley na Hill, lilikata kwamba fedha zikishawekwa benki huwa mali ya benki papo hapo, nayo ina hiari ya kuzikopesha, kuzifanyia biashara na kuchuma faida, na haki inayobaki kwa mteja ni haki ya mdai juu ya mdaiwa wake. Kanuni hiyo ilikuja na sheria za Kiingereza katika mahakama za Afrika ya Mashariki, na juu yake ndipo ilipojengwa biashara yote ya benki. Kama si yo, benki isingeweza kumkopesha mwenye duka wa Kariakoo fedha zilizowekwa na mkulima wa kahawa wa Mbozi bila ya kwenda kwanza kumwomba ruhusa. Basi aliyekubaliwa kuifaidi fedha kama mwenyewe hana budi kuibeba khatari yake kama mwenyewe. Majambazi wakilivamia tawi la benki mchana wakabeba yaliyomo ndani ya sanduku, hakuna meneja atakayethubutu kuwaita wateja wa tawi lile na kuwagawia hasara, kila mtu kwa kadiri ya salio lake. Kila mtu anajua kwamba iliyoibiwa siku ile ni benki.

Mtu akidaiwa nawe shilingi laki mbili, akaja mtu baki aliyevaa kanzu yako na kofia yako akamwambia nipe, naye akampa, hatakuja kesho kukwambia kwamba deni limekwisha kwa kuwa kanzu ilikuwa ni yako kweli. Dawa ya deni kulipa, na kulipa maana yake ni kumlipa mwenyewe, au kumlipa aliyeamriwa na mwenyewe. Makadhi wa pwani hii walilijua jambo hilo kabla ya benki ya kwanza kufungua mlango Zanzibar au Mombasa: mdaiwa akikiri deni, kisha akadai ya kuwa amekwisha kulilipa, yeye ndiye anayetakiwa kuleta bayana ya malipo, kwa sababu asili ya deni ni kubakia mpaka iwe yakini kwamba limeondoka. Wanasheria wa Kiingereza, waliotoka njia nyingine kabisa, walifika mahali pale pale. Benki haikanushi kwamba ilikuwa na deni kwa mteja wake. Linaonekana katika taarifa ya akaunti iliyochapwa na mashine yake yenyewe. Inachokisema ni kwamba imekwisha lipa kwa amri yake. Mwenye kusema hivyo ndiye mwenye mzigo wa ithibati.

Na kwa muda mrefu benki zenyewe ziliishi chini ya kanuni hiyo bila ya manung'uniko. Sheria ya hati za fedha ya Uingereza ya mwaka 1882, ambayo mfano wake ulirithiwa huku kwetu, ilisema kwamba sahihi iliyoghushiwa haina nguvu yoyote, na benki iliyoilipa hundi yenye sahihi ya namna hiyo imelipa kutoka mfukoni mwake, hata kama mghushi alikuwa na ustadi wa kumdanganya keshia mwenye uzoefu wa miaka thelathini. Katika shauri lililotoka Hong Kong na kukatwa na Baraza la Faragha la London mwaka 1985, karani wa kiwanda cha pamba alikuwa ameghushi hundi zipatazo 300, zenye thamani ya dola za Hong Kong milioni tano na nusu, kwa muda wa miaka kadhaa, na wenye kiwanda hawakuwa na desturi ya kukagua taarifa walizoletewa na benki. Benki zilidai kwamba uzembe huo uwaondolee haki. Majaji walikataa, wakasema kwamba wajibu wa mteja ni kutoandika hundi kwa namna inayorahisisha kughushiwa, na kuiarifu benki mara tu anapojua kwamba anaghushiwa, na kwamba zaidi ya hayo hadaiwi kitu.

Mambo yaligeuka mashine ilipochukua mahali pa keshia. Mashine ya kwanza ya kutolea fedha ya benki ya Barclays ilifunguliwa Enfield, kaskazini mwa London, mwezi wa Juni mwaka 1967, na namba ya siri ikawa badala ya sahihi. Ajabu ni kwamba namba ni ushahidi dhaifu kuliko sahihi, walakini imepewa heshima kubwa kuliko sahihi. Sahihi ina mwandiko, na mwandiko unaweza kupelekwa kwa mtaalamu akautazama mkazo wa kalamu na mapindo ya herufi, akasema huu si wa fulani. Tarakimu nne zilizobonyezwa na mwenyewe na tarakimu zile zile zilizobonyezwa na mwizi hazina tofauti yoyote duniani. Hivyo mlango ambao hauwezi kumtambua mtu ndio unaotegemewa kutoa ushahidi kwamba ni yeye aliyepita.

Tazama jinsi wizi wenyewe unavyofanyika mwisho wa mwezi, siku za mishahara na pensheni, penye foleni ya mashine za ATM. Mzee mstaafu ameingiza kadi, ameandika namba, na mashine inachelewa. Nyuma yake yupo kijana nadhifu, aliyechomekea shati, ambaye kwa adabu zote humwambia, “Shikamoo mzee, mashine hii ina matatizo tangu asubuhi, hebu bonyeza tena namba yako, kisha bonyeza hicho kitufe chekundu.” Mzee hubonyeza, kijana hutazama. Kadi ikitoka, kijana huwahi kuichomoa, huifuta kwenye shati lake kana kwamba ina vumbi, na kumrudishia mzee kadi ya benki ile ile, ya rangi ile ile, yenye jina la mtu mwingine. Mzee hushukuru, huiweka katika pochi na kwenda zake kutafuta mashine nyingine. Na akiwa bado yumo njiani simu yake huanza kupokea ujumbe wa kutolewa fedha, mmoja baada ya mwingine, mpaka kikomo cha siku kifike. Uliza sasa: je, kadi iliyotumika ilikuwa halisi? Naam. Je, namba ilikuwa sahihi? Naam. Je, mzee aliamuru fedha zile zitolewe? La, hasha. Yaliyoandikwa katika barua ya benki ni kweli tupu, na hukumu iliyojengwa juu yake ni dhuluma.

Nao wizi una sura nyingine, ambazo mteja hana hata nafasi ya kuziona. Upo wa kubandika kifaa chembamba penye tundu la kadi kinachonakili ukanda wa sumaku ulio mgongoni mwa kadi, pamoja na kamera ndogo inayotazama vidole, kisha kadi bandia hutengenezwa na kutumika mji mwingine. Chipu zilizowekwa kwenye kadi zimeupunguza wizi huo, lakini hazikuziba kila ufa. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kadi ya chipu iliyoibwa yaweza kufanywa inunue bidhaa dukani bila ya mwizi kuijua namba ya siri, na huku kumbukumbu ya mashine ikaandika kwamba namba imethibitishwa. Tangu siku hiyo, maneno “namba sahihi ilitumika”, yakitoka katika karatasi ya mashine peke yake, hayana haki ya kuitwa ithibati iliyokamilika.

Mahakama kadhaa zimepata kuyaona haya. Mwaka 1980, katika mtaa wa Queens mjini New York, mwanamke mmoja aliishitaki Citibank kwa dola 800 zilizotolewa katika akaunti yake kwa mashine, katika siku mbili tofauti, saa ambazo yeye alikuwa kazini, na akaleta barua ya mwajiri wake kushuhudia hivyo. Benki ilileta karatasi za kompyuta. Jaji alikabiliwa na uchaguzi wa kuamini mtu au kuamini mashine, na akaona kwamba mtu ameleta ushahidi wa kutosha, akaamuru alipwe. Kinyume cha hayo kilimpata askari polisi mmoja wa Uingereza, ambaye mwaka 1992 alirudi kutoka likizoni akakuta akaunti yake imetolewa fedha asizozitoa. Alipolalamika, taasisi iliyokuwa na akaunti yake ilisema mitambo yake haikosei, na yeye mwenyewe akashitakiwa kwa kujaribu kujipatia fedha kwa uongo, akatiwa hatiani mwaka 1994. Hukumu ilitenguliwa katika rufani mwaka 1996, baada ya taasisi ile kukataa kumruhusu mtaalamu wa upande wa utetezi aikague mitambo iliyosemwa kuwa haina makosa. Marehemu Profesa Ross Anderson wa Cambridge, aliyekuwa shahidi katika mashauri ya namna hiyo, alirudia mara nyingi fundisho alilolipata: pale ambapo hasara humwangukia asiyeweza kuizuia, yule anayeweza kuizuia hulala usingizi.

Kwa sababu hiyo nchi mbalimbali ziliona si vyema kumwachia mnyonge atafute haki yake shauri kwa shauri, zikaandika kanuni kwa tarakimu. Marekani ilifanya hivyo mapema, katika sheria ya mwaka 1978: mteja akiripoti ndani ya siku 2 za kazi tangu alipojua kwamba kadi imepotea au imeibwa, hasara yake haizidi dola 50, akichelewa, yaweza kufika dola 500, na akikaa kimya kupita siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya akaunti, yanayotokea baada ya hapo ni juu yake. Benki ina siku 10 za kazi za kuchunguza, na ikihitaji muda mrefu zaidi sharti imrejeshee fedha kwa muda wakati uchunguzi ukiendelea. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba muamala ulikuwa kwa idhini ni wa benki. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2017, inaitaka benki irejeshe fedha kabla ya kwisha siku ya kazi inayofuata, isipokuwa iwe na sababu ya kumshuku mteja kwa hila. Kiasi anachoweza kubebeshwa mteja hakizidi pauni 35, ila awe ametenda hila au uzembe uliovuka mpaka. Na imeandikwa waziwazi kwamba kumbukumbu ya kutumika kwa kadi, peke yake, si lazima itoshe kuthibitisha kuwa mwenyewe ndiye aliyeidhinisha. Wala jambo hili si anasa ya matajiri. Benki Kuu ya India ilitoa waraka mwezi wa Julai mwaka 2017 uliosema kwamba pale ambapo kosa si la benki wala la mteja, mteja anayeripoti ndani ya siku 3 za kazi habebi hasara hata ndogo, fedha zirudishwe katika akaunti yake ndani ya siku 10 za kazi, na ithibati ni juu ya benki.

Fikiri basi ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anafanya kazi Birmingham na mwenziwe yuko Mwanza, wakaibiwa kwa hila moja katika wiki moja. Wa Birmingham anajua siku ya kurejeshewa na kiasi asichoweza kuzidishiwa. Wa Mwanza anajua jina la afisa wa huduma kwa wateja aliyemwambia arudi Jumatatu. Hatuna upungufu wa vyombo: Kenya ina haki za mlaji katika ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010, ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 na miongozo ya Benki Kuu yake, Tanzania ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, ina kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na ina dawati la malalamiko katika Benki Kuu ambalo mteja asiyeridhika na jawabu la benki yake anaweza kuliendea. Lakini mwulize mtu yeyote aliye katika foleni ya benki atarejeshewa ndani ya siku ngapi na hasara yake isizidi shilingi ngapi, hatakuwa na tarakimu ya kukujibu. Na haki isiyokuwa na tarakimu hugeuka kuwa fadhila, ambayo mwenye nayo hutoa akipenda na huzuia akipenda.

Itasemwa kwamba benki zikilazimishwa kulipa, watatokea wateja wa khiyana watakaompa mpwa wao kadi akatoe fedha, kisha waende kulia kwamba wameibiwa. Ni kweli kwamba watatokea, na sheria ya jinai ipo kwa ajili yao. Lakini benki ina kamera, ina kumbukumbu za mashine, ina wachunguzi na mawakili. Mstaafu hana hata picha ya yule kijana nadhifu. Kati ya wawili hao ni insafu kumtaka mwenye vyombo vya kujua ndiye athibitishe. Wala simwondolei mteja wajibu wake. Katika shauri moja lililofika Baraza la Malordi mwanzoni mwa miaka ya 1930, mume aligundua kwamba mkewe amekuwa akighushi sahihi yake kwenye hundi. Mke akamsihi asiiambie benki, naye akanyamaza miezi mingi, mpaka siku alipoazimia kusema, na mke akajiua kwa risasi. Mume alipoidai benki alishindwa, kwa sababu kimya chake kilikuwa kimeinyima benki nafasi ya kumdai mhalifu alipokuwa hai. Fundisho lake halijazeeka: anayenyamaza kwa haya, kwa huruma au kwa uvivu huipoteza haki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye kuibiwa asingoje kupambazuke. Apige simu kadi ifungwe, na aandike saa aliyopiga na jina la aliyepokea. Aende polisi akapate namba ya RB, au OB kwa aliyeko Kenya. Kisha aandike malalamiko kwa barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Katika barua hiyo asiombe huruma, bali aulize: ni mashine ipi, saa na dakika gani, iliyosomwa ilikuwa chipu au ukanda wa sumaku, na picha za kamera za dakika hizo ziko wapi, akizitaka zihifadhiwe mapema, kwani kamera nyingi hufuta za zamani kwa kurekodi mpya juu yake. Swali la chipu na ukanda si la kupuuzwa, kwa sababu kanuni za mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard aghalabu humtwisha hasara mwenye mashine ambayo haikuweza kusoma chipu, na benki ya mteja yaweza kumdai huyo. Wala asipoteze siku zake kuitegemea bima ya amana, iwe ile ya Kenya yenye kikomo cha shilingi 500,000 au ile ya Tanzania. Hiyo ni kinga ya siku benki inapofilisika, si ya siku mwizi anapoingia.

Yote hayo ni silaha za mtu mmoja mmoja, nazo huwafaa zaidi wenye kujua kuandika barua na wenye nauli ya kurudi benki kila Jumatatu. Dawa ya wote ni kanuni, nayo ni fupi kiasi cha kuenea katika ukurasa mmoja: kwamba ithibati ya idhini ni juu ya benki, kwamba kadi halisi na namba sahihi, peke yake, si ithibati, kwamba fedha zirudi katika akaunti ndani ya siku zilizotajwa, wakati uchunguzi ukiendelea, na kwamba aliyeripoti mapema asipoteze zaidi ya kiasi kilichotajwa kwa shilingi. Haihitaji mtambo mpya wala mkopo kutoka nje. Benki Kuu zetu tayari zina mamlaka ya kuziongoza benki, na wabunge wanaopitisha bajeti kila mwezi wa Juni wana kinywa cha kuuliza kwa nini haijaandikwa. Siku hasara itakapokaa kwa mwenye mashine, ndiyo siku ambayo mwenye mashine ataweka mlinzi aliye macho penye foleni ya wastaafu, ataondoa ukanda wa sumaku, na atapiga simu kuuliza kabla ya kuruhusu akaunti ya mzee kumalizwa kwa robo saa. Mpaka hapo, benki zitaendelea kulipa madeni yao kwa wezi, na kuwaandikia wadai wao kwamba yamelipwa.